Kikao cha Nidhamu Jumatatu, na Simu ya Mkopo Inaita

Keshia wa duka la jumla anakabidhiwa barua Ijumaa saa kumi jioni, wenzake wakiwa tayari wanafunga hesabu. Barua inasema droo yake ilikutwa na upungufu wa shilingi 340,000, na kwamba afike mbele ya kamati ya nidhamu Jumatatu saa nne asubuhi. Anaikunja mara mbili, anaitia kwenye mkoba. Kabla hajafika kituo cha daladala simu inatetema: mkopo wako umepita muda wake, lipa leo au tutawasiliana na watu wako wa karibu. Usiku huo hakiwazi kikao, anawaza deni. Asubuhi akishika kalamu aandike maelezo, kinachotoka ni hiki: "Naomba radhi bosi, nilikuwa na matatizo ya kifedha."

Keshia huyu nimemtunga, lakini tazama alichofanya. Hakuulizwa habari za matatizo ya kifedha. Aliulizwa habari za droo. Kwa sentensi moja amemwonyesha mwajiri sababu ya kuiba, wakati pengine hakuiba hata senti.

Maswali yafuatayo ni yale ambayo mtu wa namna hii hujiuliza usiku. Majibu yanahusu Tanzania Bara, na zaidi mfanyakazi wa sekta binafsi aliyekaa kazini miezi 6 au zaidi, kwa sababu kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimfikii aliye chini ya hapo. Mtumishi wa umma ana njia yake: mashtaka na rufaa zake hupitia kwanza Sheria ya Utumishi wa Umma na Tume ya Utumishi wa Umma.

Kuwa na madeni ni kosa la kazi?

Si kosa. Kanuni za Utendaji Bora, yaani Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataja mambo yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi: udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, uzembe mkubwa, kupiga watu, ukaidi uliopita kiasi na mengine ya aina hiyo. Kudaiwa na kikundi cha mtaani hakumo. Ila soma mkataba wako na kanuni za ndani ya kampuni, hasa kama kazi yako ni ya benki au ya kushika fedha. Baadhi ya waajiri huwataka watu wao watoe taarifa wanapokopa kwa wateja au wafanyakazi wenzao. Hapo kosa linakuwa kuvunja kanuni hiyo, nayo lazima iandikwe kwenye barua ya tuhuma kwa jina lake.

Nimepewa wikiendi tu kujiandaa. Ni halali?

Kanuni zinasema mfanyakazi apewe muda wa kutosha, na kwa kawaida usipungue saa 48. Ijumaa saa kumi mpaka Jumatatu saa nne ni saa 66, kwa hiyo kwenye karatasi mwajiri amepita. Lakini muda wa kutosha unapimwa pia kwa uzito wa tuhuma. Kama unahitaji risiti za siku husika, ripoti ya mashine ya mauzo, au kiongozi wa tawi la chama ambaye ofisi yake imefungwa mpaka Jumatatu, andika barua fupi kuomba kikao kisogezwe siku mbili tatu, taja sababu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa na aliyeipokea. Ukiomba kwa mdomo koridoni hutakuwa na cha kuonyesha baadaye.

Usikate shauri la kutokwenda. Asiyefika bila sababu ya maana, kikao kinaweza kuendelea bila yeye.

Kwenye maelezo niandike nini?

Jibu ulichoulizwa. Barua inataja tarehe, kiasi na tukio, basi maelezo yako yazungumzie tarehe hiyo, kiasi hicho na tukio hilo. Nani mwingine alikuwa na neno la siri la mashine siku ile? Ulipotoka kwenda kula, nani alikaa kwenye droo? Fedha zilihesabiwa mbele yako, au uliitwa zikiwa zimeshahesabiwa? Kuna mteja aliyerudisha bidhaa na kurejeshewa hela bila karatasi? Haya ndiyo yanayojibu upungufu. Ada ya mtoto, kodi ya nyumba na meseji za mkopo hayajibu kitu hapo.

Simaanishi udanganye. Kama ulichukua, ushauri wangu ni ukiri kwa maneno machache na ya kweli, kwa sababu uongo unaobainika kikaoni ni kosa la pili juu ya la kwanza. Lakini kama hukuchukua, usiombe radhi kwa jambo ambalo hukulifanya eti ili uonekane mnyenyekevu. Waswahili tuna tabia ya kuanza kila barua kwa kuomba msamaha. Kwenye faili la nidhamu, adabu hiyo husomwa kuwa ni kukiri.

Naweza kuingia na mtu?

Ndiyo. Una haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Kama mahali pako pana tawi la TUICO au chama kingine, mtafute kiongozi siku ileile uliyopokea barua.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulisahau. Makazini kwetu mtu hukopa SACCOS kwa kudhaminiwa na wenzake. Yule rafiki unayemchagua akusaidie kikaoni anaweza kuwa ndiye mdhamini wako, naye anajua ukifukuzwa atakatwa yeye. Siyo lazima awe mbaya, lakini atakuwa na haraka ya kukubaliana na lolote litakalokuacha kazini, hata onyo la mwisho kwa kosa ambalo hukulitenda. Kwa shahidi ni vivyo hivyo. Jiulize mapema nani anakudai na nani amekudhamini kabla hujapanga nani akae upande wako wa meza.

Kikao chenyewe kinakwendaje, na madeni niyataje lini?

Mwenyekiti anatakiwa awe kiongozi mwenye ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Meneja aliyehesabu droo na kuandika taarifa hafai kukalia kiti hicho. Akikikalia, sema mwanzoni na uombe maneno yako yaandikwe kwenye muhtasari. Upande wa mwajiri unatoa ushahidi, wewe unauliza mashahidi wao maswali, unajieleza, unaleta mashahidi wako. Simu izime kabisa. Nasema hivi kwa sababu wakopeshaji wa mtandaoni hupiga kuanzia asubuhi, na mtu anayetazama kioo chake kila dakika mbili mbele ya kamati anaonekana ana jambo.

Kisha kuna hatua ambayo wengi hawaijui. Kamati ikikuona una hatia, kabla ya kuamua adhabu inapaswa kukupa nafasi ya kutoa sababu za kupunguziwa. Na kanuni zinamtaka mwajiri, anapofikiria kufukuza, atazame rekodi yako, miaka uliyotumikia, kama umewahi kupewa adhabu, na hali yako binafsi. Zamu ya madeni ni hapo. Hapo useme kwamba una wategemezi watano, kwamba umefanya kazi miaka tisa bila onyo, kwamba mkopo wa benki umebakiza miezi 14 na unakatwa kwenye mshahara huu huu. Maneno yaleyale ambayo kwenye barua ya maelezo yangekuwa kamba ya kukufunga, hapa yanaweza kumpeleka mwenyekiti kwenye onyo la maandishi badala ya kukufukuza.

Afisa utumishi ameniambia niandike barua ya kuacha kazi, nisichafuke jina.

Hili ndilo linalowaponza wenye madeni kuliko jingine lolote. Mtu amechoka, anaahidiwa kwamba akiacha mwenyewe atalipwa haraka, na haraka ndiyo anayoitaka. Anasaini.

Ukijiuzulu, mzigo unahamia kwako. Ukifukuzwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ukiacha mwenyewe, ni wewe utakayethibitisha kwamba ulilazimishwa, na karatasi yenye sahihi yako itakuwa mezani. Tena fao la kukosa ajira la mfuko wa hifadhi ya jamii halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari. Kama kuna makubaliano ya kuachana kwa amani, yaandikwe yote: kiasi gani, lini, na cheti cha utumishi kitasema nini. Omba siku moja ukasome nyumbani. Anayekukatalia siku moja, jiulize ana haraka ya nini.

Wanaweza kukata ule upungufu kwenye mshahara?

Wanaweza, lakini si kwa kuamua tu ofisini. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako. Mwajiri akupe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu alivyoipata. Upewe nafasi ya kupinga. Kisicho hasara halisi kisiongezwe, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wako wa fedha taslimu. Keshia anayelipwa 400,000 hawezi kukatwa zaidi ya 100,000 kwa mwezi kwa ajili hiyo. Utaratibu wa baadhi ya maduka wa kugawa upungufu kwa kila aliyekuwa zamu, bila kuuliza nani alikosea, haulingani na masharti haya.

Wakopeshaji wanatishia kumpigia bosi na kunifunga.

Polisi hawakusanyi madeni, na kushindwa kulipa mkopo peke yake si jinai. Anayekudai afungue shauri la madai. Akishinda na usilipe ilhali uwezo unao, anaweza kuiomba mahakama ikuweke gerezani kama mfungwa wa madai, naye ndiye anayegharimia chakula chako humo. Ndiyo maana wengi hutisha tu.

Kuwatumia bosi na mashemeji ujumbe kwamba wewe ni tapeli ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko ya namna hiyo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Tazama kama wa kwako yumo. Piga picha za meseji zote kabla hujazifuta kwa hasira.

Kama unahofu taarifa hiyo itamfikia bosi kabla ya kikao, usiwahi kwenda kumweleza madeni yako yote "ili asikie kwangu kwanza". Deni si tuhuma. Akikuuliza, jibu moja linatosha: hilo ni jambo langu binafsi na ninalishughulikia.

Nikifukuzwa, nitalipwa nini, na benki itachukua chote?

Hata aliyefukuzwa kwa kosa hulipwa mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo aliyoidai, na hupewa cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha kisheria ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, lakini hakipo kwa aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu.

Benki inategemea ulichosaini. Kwenye mikopo ya mshahara, mara nyingi mwajiri alishaahidi kwa barua kwamba malipo yako ya mwisho yatapita akaunti ileile. Nenda tawini kabla pesa haijaingia, si baada, uombe marejesho yarefushwe. Uliza pia kuhusu bima ya mkopo: wengi huilipia bila kujua inakinga nini, na kufukuzwa kwa kosa kwa kawaida hakumo. SACCOS itaanza na akiba na hisa zako, kisha wadhamini. Waambie wadhamini mapema. Ni aibu ya dakika kumi. Na kama unadaiwa salio la kukopa kwenye simu, kumbuka chochote kitakachoingia kwenye laini hiyo huanza kumegwa papo hapo. Usimpe mwajiri namba hiyo kwa malipo yako ya mwisho.

Sikubaliani na uamuzi. Nianzie wapi?

Rufaa ya ndani ni siku 5 za kazi tangu upate uamuzi. Baada ya hapo ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambako unajaza fomu Na. 1 ndani ya siku 30, na kufungua shauri hakuna ada. Hesabu siku hizo tangu tarehe ya kuachishwa ili usibishanie tarehe baadaye. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopita, na kusema ulikuwa ukihangaika na madeni kwa nadra kutatosha. Nakala ya fomu mpelekee mwajiri, upate sahihi ya kupokea. Msuluhishi ana siku 30 za kuwapatanisha. Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na siku hiyo chukua ile barua ya Ijumaa iliyokunjwa mara mbili, ile ya kuomba muda, na muhtasari wa kikao.