Misimbo ya Kufungua Akaunti Bila Kungoja Ujumbe wa Simu

Karani wa mizigo anayesafiri kutoka Lodwar kupitia Kakuma na Lokichoggio hadi mpaka wa Nadapal hubeba ofisi yake ndani ya simu. Hati za forodha ziko kwenye barua pepe, ankara ziko huko huko, na pengine hata nakala ya pasipoti. Akishaingia Sudan Kusini hutoa laini ya Kenya na kuweka ya huko ili apate intaneti. Sasa achukulie simu imeharibika na inabidi afungue barua pepe kwenye kompyuta ya wakala. Anaweka nywila, kisha anaambiwa kwamba msimbo wa tarakimu sita umetumwa kwa namba yake ya Kenya. Laini hiyo imefungwa kwenye karatasi mfukoni. Msimbo hautafika, na lori halitasonga.

Shida hii haiko mpakani peke yake. Ujumbe mfupi hutegemea mnara, na mnara ukizimika msimbo hufika ukiwa umepitwa na wakati. Kuna pia walaghai wanaoenda kusajili upya laini ya mtu mwingine kwa jina lake. Wakifaulu, misimbo yote huingia kwenye simu yao.

Njia iliyo bora ni misimbo inayotengenezwa ndani ya kifaa chenyewe. Siku mtumiaji anapowasha uthibitishaji wa hatua mbili, akaunti na programu yake hupewa ufunguo mmoja wa siri, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu. Kuanzia hapo kila upande hufanya hesabu yake: huchukua sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, huzigawa kwa 30, na kuchanganya jibu na ule ufunguo. Ufunguo ni mmoja na wakati ni mmoja, hivyo pande zote mbili hupata tarakimu zilezile sita, na baada ya sekunde 30 hupata nyingine. Hakuna ujumbe unaotumwa. Utaratibu huu ulichapishwa mwaka 2011 ili utumiwe na yeyote, ndiyo maana programu moja inaweza kutoa misimbo ya Google, Facebook na Microsoft.

Saa ndiyo roho ya mpango wote. Tangu 1 Februari 2021 Sudan Kusini iko nyuma ya Kenya kwa saa moja, kwa hiyo simu ikivuka Nadapal na kushika mtandao wa huko hujirekebisha. Hilo halidhuru misimbo, kwa sababu hesabu hufuata wakati wa dunia nzima. Kinachodhuru ni mtu kurudisha saa kwa mkono bila kugusa eneo la saa: simu huamini kwamba muda umerudi nyuma dakika 60, na kila msimbo hukataliwa. Simu iliyokaa siku kadhaa bila chaji nayo inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya ajabu. Mipangilio ya tarehe na saa iachwe ijirekebishe yenyewe.

Programu za kutunza nywila sasa zinaweza kubeba kazi hii pia. Kwenye simu za iPhone uwezo huo umo ndani tangu toleo la iOS 15 la mwaka 2021. Kwa simu za Android ipo KeePassDX, na kwa kompyuta KeePassXC. Zote mbili ni za bure na hufanya kazi bila intaneti. Bitwarden hutunza nywila bila malipo, ila misimbo ndani ya hifadhi hiyo hiyo ni ya wanaolipia.

Kuweka si kugumu. Mtumiaji hufungua mipangilio ya usalama ya akaunti, huchagua msimbo wa programu badala ya ujumbe mfupi, na akaunti humwonyesha mraba wa QR. Maelekezo mengi huishia kusema "piga picha mraba huo", kana kwamba kila mtu ana kifaa cha pili. Mwenye simu moja hawezi kupiga picha kioo cha simu hiyo hiyo. Abonyeze maneno yanayosema hawezi kusoma mraba. Ufunguo utatokea kwa herufi, naye aunakili aubandike kwenye programu, mahali pa msimbo wa akaunti hiyo. Kisha aandike tarakimu sita anazoziona ili akaunti ithibitishe. Akishamaliza, aiweke simu bila mtandao na atazame: misimbo itaendelea kubadilika.

Swali la haki huulizwa hapa: nywila na msimbo vikikaa kwenye kapu moja, hatua mbili ziko wapi? Ni kweli kwamba anayeifungua hifadhi hupata vyote. Hata hivyo, mwizi aliyepata nywila kwa njia nyingine bado hukwama mlangoni, na kwa mwananchi wa kawaida hiyo ni afadhali kuliko kutegemea laini. Mwenye akaunti ya kazi inayogusa fedha za umma au rekodi za wagonjwa atenganishe: nywila mahali pamoja, misimbo kwenye programu nyingine.

Hatari kubwa zaidi ni kujifungia nje. Hifadhi hufunguliwa kwa nywila kuu, na kwa programu kama KeePassDX hakuna ofisi ya kupigia simu ikisahaulika. Hifadhi hiyo ni faili moja. Simu ikipotea bila nakala, faili limepotea nayo. Nakala iwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta inayoaminika, wala si ya saiba. Tena nakala isiwekwe tu ndani ya barua pepe ambayo msimbo wake umo ndani ya hifadhi hiyo hiyo, kwani hapo ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Google humpa mtumiaji misimbo 10 ya akiba ya tarakimu nane, kila mmoja wa kutumika mara moja. Iandikwe kwenye karatasi na ikae nyumbani pamoja na vyeti, isisafiri na simu.

Msimbo wa programu hauzuii ulaghai wa mdomo. Anayepiga simu akijifanya wa huduma kwa wateja na kuomba asomewe tarakimu sita anaweza kuzitumia kabla ya sekunde 30 kwisha. Kwenye tovuti bandia, programu ya kutunza nywila humsaidia mtumiaji kwa kukataa kujaza kwenye anwani isiyoijua. Ikikataa, asiandike kwa mkono.

M-Pesa haimo katika mpango huu: PIN yake hubaki kichwani. WhatsApp nayo ina PIN yake ya tarakimu sita ambayo haibadiliki kila nusu dakika, na huwashwa ndani ya mipangilio ya WhatsApp yenyewe.