Singe na nishani za babu: namna ya kuzisoma

Wanazuoni wenzangu, nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa zina sanduku la mzee aliyewahi kuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles. Kwetu Rwamgasa hatari ni moja: kila chenye rangi ya njano hupelekwa kwenye mizani. Baba mdogo alishaanza kumtafutia mnunuzi nyota ya babu yake. Nikamwomba anipe siku mbili niisome kwanza.

Singe. Pima makali. Yetu ina sentimita 43 hivi, ni ya bunduki ya Lee-Enfield. Karibu na mpini pana taji, herufi GR na 1907. Hapo wengi wanateleza: 1907 ni mwaka wa muundo, siyo wa kutengenezwa. Tarakimu ndogo zilizo chini yake ndizo mwezi na mwaka wenyewe. Singe ya Mjerumani mara nyingi huwa na taji na herufi W juu ya mgongo wa makali.

Beji. Baragumu ni alama ya Keya, na namba yake ni ya kikosi. Kikosi cha sita kilikuwa cha Tanganyika. Mwaka 1961 kikaingia Tanganyika Rifles. Kitambaa chenye kichwa cha kifaru ni cha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944.

Nyota. Ina pembe sita na maandishi THE BURMA STAR. Utepe wake ni wa buluu iliyokolea, mstari mwekundu katikati, na rangi ya chungwa pande zote mbili. Ni shaba iliyochanganywa na zinki. Dhahabu hamna, hata chembe.

Baba mdogo akauliza, "Sasa kama siyo dhahabu, ina faida gani?" Swali zuri. Nyota hizi askari wa Keya walipewa bila jina kuchongwa. Ikitoka nyumbani, hakuna atakayejua ilikuwa ya nani. Jina liko kwenye kinywa cha bibi tu, na bibi anazeeka.

Basi ukifunga chuo, usisugue kitu kwa dawa ya kung'arisha, maana alama zinafutika. Piga picha, andika jina la mzee, kijiji na aliyekusimulia, karatasi ikae sandukuni. Kwetu nyota imerudi humo, na karatasi ya bibi imefika ukurasa wa tatu.