Saumu Mtaani: Maswali Yenu ya Msimu Huu

Nimeng'oa kitunguu saumu, nikapata kijitunguu kimoja cha mviringo, hakina hata punje. Niliuziwa mbegu mbovu? (Umoja, Kayole, Komarock)

Barua zenu nimezijibu pamoja, maana kilio ni kimoja. Mnailaumu saumu ya China, eti imepigwa dawa isizae. Mbona basi iliota na kutoa majani? Kilichokosekana ni baridi. Saumu asili yake ni Asia ya Kati, na bila kupitia wiki kadhaa za baridi haigawanyiki punje. Kule Timau, chini ya Mlima Kenya, usiku husaidia. Huku kwetu Eastlands, Nairobi, mita 1,600 hivi juu ya bahari, hata Julai baridi yetu ni ya kuvalia sweta tu. Kwa hiyo chukua vichwa vikavu, vitie kwenye mfuko wa karatasi, viweke friji wiki sita hadi nane, lakini si kwenye barafu. Kisha bandua punje, panda Mei au Juni, ncha juu. Aina nyingine hutaka pia mchana mrefu ambao ikweta haina. Hizo hata friji haiziokoi, ndiyo maana nasema nunua kwa mkulima aliyevuna hapa Kenya. Na vile vijitunguu msivitupe. Vikipozwa na kupandwa tena vinaweza kutoa vichwa kamili.

Pakiti ya mbegu za saumu inapatikana wapi?

Kwa matapeli. Saumu hupandwa kwa punje.

Huku Maili Saba tunamwagilia maji ya sewa na sukuma inanawiri. Saumu je?

Kunawiri si usalama. Minyoo na vijidudu vya kuhara hufa kwenye sufuria. Madini ya risasi, yawe ya maji machafu au ya jaani, hayafi. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilichapisha uchunguzi kuhusu jaa la Dandora: nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na risasi kupita kiwango katika damu. Nanyi bado mnasomba "mboji" jaani! Tumieni samadi iliyooza vizuri na maji ya mvua.

Udongo wetu mweusi unashika maji.

Inua tuta, au panda kwenye gunia.

Saumu inatosha kutibu presha?

Meza dawa ulizopewa kliniki.

Nitajuaje imekomaa?

Miezi minne au mitano, majani ya chini yakikauka. Acha kumwagilia wiki mbili kabla, kisha chimbua, usivute. Usiioshe. Ianike kivulini penye upepo wiki mbili hadi tatu; ukiiuza mbichi itamwozea mama mboga, naye hatanunua kwako tena.