Kwa Shaaban Robert kwa barabara: mwongozo wa familia ya Singida

Mtoto wa darasa la sita mjini Singida analijua jina la Shaaban Robert, ila mara nyingi amelijua kupitia swali la mtihani. Kumtoa mwandishi huyu kwenye karatasi ya mtihani na kumrudisha kwenye nchi aliyoishi ni kazi inayowezekana katika likizo moja, kwa gari la familia au hata kwa basi. Kwa bahati nzuri, mahali pengi alipopita panafikika kwa barabara kuu zinazoanzia kwetu: Mpwapwa, alikofanya kazi ya ukarani, Pangani, alikokuwa mtu wa forodha, jiji la Tanga, alikomalizia utumishi wake, na Machui, alikozaliwa 1 Januari 1909 na alikozikwa Juni 1962.

Uingereza, familia zinazompenda Roald Dahl, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa mfanyakazi wa Shell pale Dar es Salaam, huenda kijiji cha Great Missenden, zikakata tiketi ya makumbusho yake na kukuta kila kitu kimeshapangwa. Safari ya Machui unaipanga mwenyewe. Mzazi ndiye atakayewaeleza watoto, na asiposoma nao mapema, watakachoona ni ofisi, mto na kaburi. Kwa hiyo maandalizi yaanze na vitabu, wiki tatu au nne kabla ya kugusa gari.

Kwa watoto wa shule ya msingi, anza na Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Ni kifupi na kina majini, safari za baharini na ndugu wenye wivu, na kinaanza na jambo ambalo hakuna mtoto atakayeliacha lipite: Adili, mtu mwema anayesifiwa na wote, ana nyani wawili, na kila usiku anawachapa. Kwa nini mtu mwema awachape wanyama? Usiwape jibu. Waache walale na swali hilo, kesho yake watakuomba wenyewe muendelee. Ndani yake mna pia mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Sura hiyo msiisomee sebuleni. Wapeleke jioni kwenye majabali ya kando ya Ziwa Singidani, wakae juu ya jiwe, mmoja asome kwa sauti na wengine wayatazame mawe yaliyowazunguka. Mtoto wa Singida amezaliwa katikati ya mawe makubwa kuliko nyumba, hivyo ana haki ya kukielewa kitabu hiki kuliko mtoto wa mji mwingine wowote.

Wa sekondari wape Kusadikika, cha 1951, habari ya Karama anayeshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Kisha tafuta Maisha Yangu, kwa sababu ya tenzi mbili zilizomo: Utenzi wa Hati, aliomwandikia binti yake, na Utenzi wa Adili, aliomwandikia mwanawe wa kiume. Hizo ni nasaha za baba kwa watoto wake, na ndizo zitakazobeba safari. Kila mtoto achague beti nne au tano azishike kwa moyo. Asikariri kwa kukimbiza. Mfundishe kupumua mwisho wa kila kipande na kuacha kina kisikike. Ukikosa vitabu madukani Singida, mtafute aliye Dar es Salaam avinunue, maana Mkuki na Nyota wamevichapa upya vingi, na akutumie kwa basi.

Wakati mzuri wa kwenda ni likizo ya Juni. Masika yameisha pwani, joto la Tanga limepungua, na mwezi wenyewe ndio aliofariki. Chukueni masweta, kwani upepo wa Singida na Dodoma mwezi huo hauna huruma na mtoto aliyeamshwa alfajiri.

Njia ninayoipendekeza ni Singida, Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza, Tanga. Ni kama kilomita 830 kwenda tu. Ukiongeza mchepuko wa Mpwapwa, ule wa Pangani na mizunguko ya mjini, weka hesabu ya kilomita 2,000 kwenda na kurudi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakula lita 200, na hapo ndipo bajeti inapoanzia. Tenga siku nane au tisa. Usiendeshe usiku, hasa kati ya Dodoma na Morogoro penye malori mengi. Kabla ya kuondoka fundi akague breki, tairi na mikanda yote ya viti, pamoja na ile ya nyuma iliyozama chini ya makalio ya viti kwa miaka. Na uheshimu vibao vya 50, hata pale unapoona barabara nyeupe mbele yako: vijiji vya njia hii vina watoto wanaovuka barabara kama wako.

Chakula kitoke nyumbani. Kuku wa kienyeji wa kukaanga, chapati na karanga vitawafikisha Dodoma bila kulipia hoteli yoyote. Chukua pia chupa kadhaa za asali ya Itigi au Manyoni, ila hizo zisifunguliwe, nitaeleza zinakokwenda.

Jambo moja wazazi hulisahau: mtoto akisoma kitabu gari likitembea, atatapika. Vitabu visomwe mkisimama. Gari likitembea, wakati huo ni wa kusimulia na kughani. Hapa Mathias Mnyampala atawasaidia sana. Mnyampala, aliyeishi kati ya 1917 na 1969, alikuwa Mgogo wa Dodoma, mzaliwa wa upande wa Ihumwa, ambako mtapita mkitoka Dodoma kuelekea Morogoro. Ndiye aliyezieneza ngonjera, mashairi ya kujibizana ambayo watoto wetu bado huyaghani mbele ya mgeni rasmi. Mkiuacha mji wa Dodoma, gawanya gari mara mbili: kiti cha kushoto kitetee Singida, cha kulia kitetee Tanga, na kila upande utunge ubeti mmoja wenye vina. Mama au baba awe mwamuzi. Ugomvi wa nani akae dirishani utasahaulika kwa muda mrefu.

Mpwapwa mnaifikia kwa kuchepuka Mbande na kupitia Kongwa. Uliza hali ya barabara mkiwa Dodoma. Shaaban Robert alikuwa huku kati ya 1944 na 1946, akiwa katika idara ya serikali iliyoshughulika na wanyama, baada ya kuitumikia forodha tangu 1926. Fikirini: mtu wa pwani, aliyezoea jahazi na chumvi, analetwa kwenye milima na vumbi la Ugogo. Mji huu una historia ndefu ya utafiti wa mifugo, na mpaka leo kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI. Ng'ombe wanaoitwa Mpwapwa walizalishwa hapa. Kama ungependa watoto waingie ndani, peleka barua ya maombi mapema, msifike getini na kuanza kubembeleza mlinzi. Watoto wakiwa chini ya miaka minane, kwa maoni yangu, rukeni Mpwapwa na mziokoe nguvu zao kwa ajili ya pwani.

Ila kama mmefika, fanyeni jambo hili moja. Kila mtoto apate karatasi na bahasha, aandike barua kwa mtu aliyebaki Singida: bibi, rafiki, mwalimu. Shaaban Robert aliandikiana kwa miaka mingi na ndugu yake Yusuf Ulenge, aliyekuwa mwalimu, na barua hizo zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na TUKI mwaka 2002, zikihusu miaka ya 1931 hadi 1958. Ndani yake mwandishi mkubwa anaonekana akihangaika na pesa, afya na familia kama mtu yeyote. Barua ya mtoto iseme nani kamwona, kala nini, baridi au joto lilikuwaje, na jambo moja alilolifikiri bila kumwambia mtu. Aandike nyingine Tanga, na ya mwisho Pangani, kisha mzipeleke posta. Zikija kufika Singida baada yenu, ni sawa.

Morogoro laleni tu. Kesho yake Chalinze, kisha barabara ya kaskazini hadi Segera, ambapo mnakata kulia kuelekea Tanga. Muheza simameni mnunue machungwa. Bagamoyo itawavuta mkifika Msata, lakini ina mambo yake mengi na inastahili safari yake. Mkiiingiza hapa, watoto watafika Machui wakiwa wamechoka, na Machui ndiko mliko na shughuli.

Tanga mjini, siku ya kwanza waacheni wapumzike na waione bahari. Wengi wa watoto wa kwetu hawajawahi, na hakuna habari ya mwandishi itakayowaingia kabla hawajalowesha miguu. Siku ya pili asubuhi tembeeni katikati ya mji, kwenye majengo ya kale ya serikali, mkiwaeleza kwamba Shaaban Robert alifanya kazi katika ofisi ya wilaya hapa kuanzia 1946 hadi 1952, kisha katika ofisi ya upimaji hadi 1960. Adili na Nduguze na Kusadikika vilichapishwa katika miaka hiyo, mwenyewe akiwa mwajiriwa wa kila siku. Mweleze hivyo mtoto anayesema hana muda wa kuandika. Mchana nendeni mapango ya Amboni, kaskazini kidogo ya jiji. Hapo, mbele ya miamba ya chokaa iliyochongwa na maji, rudieni ile sura ya mji wa mawe mliyoisoma Singida, na uwaulize mji huo sasa wanauonaje.

Machui iko kusini mwa jiji, upande wa njia ya Pangani. Hapa nenda taratibu. Ni mahali watu wanapoishi, na mnayemtembelea ni marehemu mwenye ndugu. Msiende Ijumaa mchana, watu wakiwa msikitini. Mkifika, pigeni hodi kwanza kwa uongozi wa mtaa, mjitambulishe na mnakotoka, mkaombe kupelekwa kwa wazee wanaohusika. Msiwe na haraka ya kutaja kaburi. Mgeni wa pwani huulizwa habari za nyumbani, za safari, za afya, na yeye huuliza vilevile, na watoto wenu wajifunze kwamba huo ndio mlango wenyewe. Washike "shikamoo" kwa kila mkubwa, na familia ya Kiislamu au isiyo ya Kiislamu, wote waijue "asalaam aleikum" na jibu lake. Mama na mabinti wavae nguo ndefu na mtandio, wavulana suruali. Simu zikae mfukoni mpaka mruhusiwe kupiga picha.

Kaburini, watoto wasikanyage wala kukaa juu ya makaburi mengine. Mkikaribishwa kuomba dua, kaeni kimya kila mmoja kwa imani yake. Baadaye, mkiwa mmeshatoka na kukaa na wenyeji, mwombe mzee ruhusa ya watoto kughani zile beti walizozishika. Hapo ndipo mazoezi ya wiki zote yanapolipa: mtoto wa Kinyaturu au Kinyiramba akighani utenzi wa Kiswahili mbele ya watu wa kijiji cha mtunzi. Akikosea, wenyeji wakamrekebisha, usimkatishe wala usimtetee. Kusahihishwa huko ndiko alikokufuata. Na zile chupa za asali sasa ndipo zinapotoka, pamoja na mchango mtakaouona unafaa. Mchango utolewe kwa mkono wa mzazi, bila watoto kuhesabu wala kutazama.

Pangani, kama kilomita 50 kutoka Tanga, iwe siku ya mwisho. Kaeni ukingoni mwa mto, karibu na jengo la kale la forodha, muwaeleze karani wa forodha alifanya nini: kuhesabu shehena, kuandika, kutoza ushuru. Kisha wakumbusheni kwamba Adili naye, katika kitabu, anaingia matatani kwa sababu ya mjumbe wa mfalme aliyekuja kuchukua kodi. Mkubwa kati yao ataunganisha mwenyewe, na hapo mpeni soda ya pili.

Kurudi, mkiwa na nguvu, piteni Korogwe, Moshi, Arusha na Babati, mteremke Katesh mkiuona Mlima Hanang, ili msirudie njia moja. Wasio na gari wanaweza kwenda Dodoma kwa basi, wakachukua treni ya SGR hadi Morogoro, kisha basi tena. Tiketi za likizo zikatwe mapema. Na kama fedha hazitoshi, igaweni safari: mwaka huu Ihumwa na Mpwapwa, ambazo ni mwendo wa siku tatu kutoka Singida, mwakani Tanga. Katikati ya mwaka huo Kusadikika kitakuwa kimeshasomwa, na mdogo aliyekuwa hajui kusoma atakuwa tayari na beti zake.