SOMO LA BUSTANI: NYUKI WANAOKAA PEKE YAO

Ninyi mnaolima bilinganya, maboga na kunde kwa kuuza katika makambi ya migodi, sikieni somo hili. Wote mnajua nyuki wa asali. Yeye anakaa na wenzake elfu nyingi katika mzinga mmoja ao katika tundu la mti. Lakini duniani kuna aina za nyuki zaidi ya 20,000, na wengi wao hawana mzinga, wala malkia, wala asali ya kulamba. Kila mama anajenga peke yake, anatafuta chakula peke yake, anazaa peke yake. Watu wanawaona kila siku na kusema: "Ni mdudu mbaya." Kiisha wanawaua. Leo tujifunze kuwajua.

1. Ni nyuki ao si nyuki?

Nzi ana mabawa mawili. Nyuki ana mabawa manne. Nyigu ana kiuno chembamba na manyoya machache, na anabeba viwavi ao buibui kwa kulisha watoto wake. Nyuki ana manyoya, naye anabeba unga wa maua kwa miguu ya nyuma ao chini ya tumbo. Asubuhi, jua likianza kupata moto, kaeni kimya karibu na maua. Msimpige mdudu, msimshike. Mtazameni anakotoka na anakoingia.

2. Nyuki watatu wa kutafuta

Wa kwanza ni nyuki seremala. Ni mkubwa kama kichwa cha kidole gumba, mweusi, na sauti yake ni nzito. Wengine wana mkanda mweupe ao wa manjano mgongoni. Anatoboa mti mkavu, na chini ya tundu mtaona unga wa mti. Ndani anaweka mkate wa unga wa maua, anazaa yai juu yake, kiisha anajenga ukuta kwa unga wa mti. Chumba kimoja, mtoto mmoja. Dume hawezi kuuma kabisa. Jike anauma akishikwa kwa mkono.

Wa pili ni nyuki mkata majani. Mkiona jani la mbaazi limekatwa kipande cha mviringo, safi kama kwa makasi, msimtafute kiwavi. Nyuki huyu amekipeleka katika tete ao tundu, kwa kufunika chakula cha mtoto wake. Unga wa maua anaubeba chini ya tumbo. Mbaazi haifi kwa vipande hivyo vichache.

Wa tatu ni nyuki wa mikanda. Tumbo lake lina mikanda myeupe ao ya samawi. Anaruka mbio, anasimama hewani, anaruka tena. Anachimba nyumba katika udongo mkavu usio na majani. Mangaribi mtaona madume wamelala katika kijiti, wamekiuma kwa meno.

3. Kazi yao

Fanyeni jaribu hili. Boga lina maua dume na maua jike. Ua jike lina boga dogo chini yake. Mangaribi, chagueni ua jike litakalofunguka kesho, mlifunge kwa kitambaa chepesi. La pili liacheni wazi. Msifungue kitambaa mpaka ua limenyauka. Mtaona boga dogo la ua lililofungwa linakuwa manjano na kuanguka. Sababu gani? Unga wa dume haukulifikia.

Ua la bilinganya lina mambo mengine. Unga wake umo ndani ya vifuko vyenye tundu dogo kwenye ncha. Nyuki wa asali hajui kuutoa vizuri. Lakini seremala na nyuki wa mikanda wanalishika ua, wanatetemesha mwili kwa nguvu, na unga unamwagika kama chumvi. Sikilizeni: akishika ua, sauti yake inabadilika. Tomati nayo inapata faida hiyo. Upepo unasaidia kidogo, lakini nyuki hawa wanaupita.

4. Kosa langu

Katika kijiji kimoja mama mjane alikuwa na bilinganya nzuri. Kwa feza yake alilipia watoto masomo. Katika ua wake palikuwa gogo kavu lenye matundu mengi. Mimi, monitori wa shamba, nilimwambia: "Mama, choma gogo hili, wadudu wake watakula miti ya nyumba." Alinitii. Mwaka uliofuata hatukumwona seremala hata mmoja. Maua yalikuwa mengi, mengi yalianguka, na bilinganya zilikuwa chache. Ukavu na ugonjwa vinaangusha maua vilevile, lakini mwaka ule mvua ilikuwa njema na majani yalikuwa mazima. Nilirudi kwake kuomba radhi, na tukaleta gogo lingine.

5. Mambo ya kufanya

Acheni gogo moja kavu pembeni mwa bustani. Msilipeleke katika tanuru ya makala, maana kuzunguka miji ya migodi miti imekwisha kukatwa sana. Miti ya nyumba ipakeni udongo ao rangi.

Fungeni matete makavu kitita kimoja, mkitundike chini ya dari ya nje, mvua isifike.

Acheni mahali padogo pa udongo mtupu, pasipolimwa.

Wakati wa kiangazi, zuieni moto usipite pembeni mwa bustani. Watoto wa nyuki wamo ndani ya vijiti na matete.

Dawa ya kuua wadudu msiimwage juu ya maua, wala asubuhi nyuki wakifanya kazi.

Maulizo

1. Nyuki na nzi wana mabawa mangapi?
2. Nani amekata jani kwa mviringo? Kwa kazi gani?
3. Kwa nini nyuki wa asali hatoshi kwa bilinganya?
4. Katika bustani yako, seremala anakaa wapi? Kama huwezi kujibu, kesho asubuhi nenda utazame.