Kidole Tumbo: Maswali na Majibu kwa Watu wa Visiwani

Kwetu hakuna maabara wala mashine ya picha. Mhudumu wa zahanati atajuaje kuwa ni kidole tumbo?

Barua kutoka visiwa vya Chula, Chovai na Koyama zimeuliza neno hili moja, nami nazijibu pamoja. Atajua kwa kuuliza na kwa kupapasa. Mwaka 1986 tabibu Alfredo Alvarado alitunga hesabu ya alama 10: maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini kuliani, 1, kukosa hamu ya chakula, 1, kichefuchefu au kutapika, 1, uchungu unapobonyezwa mahali hapo, 2, uchungu kuzidi mkono unapoachia ghafula, 1, joto la mwili kufika nyuzi 37.3, 1, chembe nyeupe za damu kuzidi 10,000, 2, na zile ziitwazo neutrofili kuzidi kadiri yake, 1. Tazameni basi: alama 7 katika 10 hupatikana pasipo maabara yoyote. Kwa hiyo aliyefikisha 5 kwa dalili hizo peke yake asingojeshwe, bali atafutiwe chombo cha kwenda hospitali ya Kisimayu siku ile ile, hasa katika miezi ya kusi, ambapo bahari huweza kuwafungia njia msafiri na nahodha wake. Aliyepungukiwa na 5 apimwe tena baada ya saa chache. Na mtoto mdogo, mzee na mjamzito wasiachwe kwa sababu ya hesabu ndogo, kwani dalili zao aghalabu hujificha.

Ndugu yetu alipigwa ultrasound, tukaambiwa tumbo ni safi. Siku ya tatu akakutwa na usaha. Mashine ilikosea?

Mashine haikutamka neno lolote. Waliokosea ni waliosoma kutoonekana kwa kitu kuwa ni uzima wake. Dhana hii imewadhuru wengi, na sitachoka kuipinga. Mwaka ule ule wa 1986 tabibu Mholanzi, Julien Puylaert, alionyesha kwamba kifaa kikibonyezwa polepole, hata hewa ya matumbo ikasogea, kidole tumbo kilichovimba huonekana, wala hakibonyei; na kwa kawaida kipenyo chake huzidi milimita 6. Lakini kidole hicho huweza kujificha nyuma ya utumbo mpana, au kufunikwa na hewa au mafuta, au mshika kifaa akawa hana mazoea ya kukitafuta. Kwa hiyo majibu ni ya namna tatu, si mbili: kimeonekana na ni kizima, kimeonekana na kimevimba, hakikuonekana. Jibu hili la tatu halimtoi mgonjwa hospitalini ikiwa alama zake ni nyingi. Ulizeni daima: «Je, kidole tumbo chenyewe mmekiona?» Picha ya CT huona zaidi, ila ina mionzi, na haipatikani kila mji; kwa hiyo kwa mjamzito na mtoto huanzwa kwa ultrasound.

Mke wangu anaumwa tumbo chini kuliani, nao wamesema ana chango. Aumikwe au apewe haluli?

Hapana, katu! Chuku haifiki penye maradhi, kumkanda na kumchoma moto tumboni ni kumwongezea jeraha, na haluli husukuma matumbo ambayo yahitaji utulivu. Fauka ya hayo, mwanamke wa umri wa kuzaa apimwe mimba kwanza, kwani mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi huleta maumivu yanayofanana na haya, nayo huua kwa damu.

Maumivu yalikuwa makali, kisha yakakoma ghafula. Amepona?

Huenda kimepasuka. Mpelekeni upesi zaidi.

Mbegu za mapera ndizo sababu?

Kuleni mapera yenu bila ya hofu.

Tusimpe dawa ya maumivu, isije ikamficha daktari ugonjwa?

Mpeni. Uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wengi umeonyesha kwamba kutuliza maumivu hakumzuii tabibu kuitambua hali. Ila asile chakula, na mwandikieni daktari katika karatasi saa maumivu yalipoanza, alama mlizohesabu, na dawa mliyompa mgonjwa. Kwani tabibu apokeaye mgonjwa pamoja na karatasi hiyo hupata saa ambazo baharini hazikupotea bure.