Helmeti Isiyofungwa Haikingi Kichwa
Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji wa bodaboda na abiria wake wavae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga, na pikipiki ibebe abiria mmoja tu. Lakini helmeti isiyofungwa inaweza kuchomoka kabla kichwa hakijagonga lami.

Kabla ya kuondoka:

• Helmeti ibane kichwa bila kuumiza.
• Mkanda ufungwe chini ya kidevu, ibaki nafasi ya vidole viwili tu.
• Kichwa kitikiswe. Helmeti ikicheza, ni kubwa mno.

Helmeti iliyowahi kugongwa kwa nguvu ibadilishwe hata kama haina ufa, kwani sehemu laini ya ndani ikishabonyea haipunguzi tena kishindo. Abiria asipopewa helmeti, asipande.